Mtoto Atavuka na Nani?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Ukihamia mji mpya na watoto, utaujuaje mtaa unaofaa familia?", limenikuta nikifua. Nguo nimeziacha kwenye beseni. Nimesoma pia jibu la msomaji aliyetangulia, anayetushauri tutafute uzio mrefu, geti na mlinzi, mengine yatajipa. Nyumba ya namna hiyo nimeshaikaa, hapa hapa Mbeya, miezi sita kamili.

Tulitoka Tanga mwaka juzi, mwishoni mwa Juni, shule zikiwa zimefungwa. Mume wangu ni dereva wa lori, Dar es Salaam mpaka Tunduma na kuvuka kwenda Zambia, na watoto walikuwa wanamjua kwa sauti ya simu kuliko kwa sura. Tukapiga hesabu: tukihamia Mbeya, kila safari atalala nyumbani mara mbili, akienda na akirudi. Hesabu haikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba nyumba tuliitafuta kwa hesabu ya lori, si ya watoto.

Dalali alituzungusha mchana mmoja, nyumba tatu, ya tatu tukaipenda. Vigae sakafuni, choo ndani, jiko lenye makabati, uzio wa tofali na geti jeusi. Lami kuu ilikuwa hatua chache tu. Mume wangu akasema hapa hata nikiwa kitandani nitaliona gari langu. Shule nayo iko wapi? "Pale ng'ambo tu, hata kengele mtaisikia," dalali akajibu. Na kweli, kengele tuliisikia kila siku. Tukahesabu kodi ya miezi sita mkononi, na mwezi mmoja wa dalali juu yake, tukashusha vitanda.

Kwa wasioijua Mbeya: barabara ya TANZAM, ile kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, haipiti pembeni ya jiji, inalipasua. Inaingia kwa Uyole, inapita Mwanjelwa, inakwenda Iyunga, kisha inateremka Iwambi kuelekea Mbalizi. Mzigo wa Zambia na wa Kongo unapita humo humo wanamopita bajaji, mikokoteni ya viazi na watoto wa shule. Upanuzi wa njia nne, ule wa kilometa 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, unaifanya barabara iwe pana zaidi, na barabara pana kwa dereva ni nafuu, kwa mtoto wa darasa la pili ni mto uliofurika. Mimi haya yote niliyaona siku ya kwanza. Niliyaona kama mtu mzima anavyoona, naangalia kulia, naangalia kushoto, navuka.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna dalali atakuambia. Jua la Mbeya linachelewa. Sisi tuko magharibi ya Tanga na saa zetu ni zile zile, kwa hiyo mwezi wa Julai huku kunapambazuka karibu nusu saa nyuma ya kule. Saa kumi na mbili asubuhi Tanga nilikuwa nimezoea kuona kijivu cha alfajiri. Saa hiyo hiyo Mbeya ni usiku, na baridi yake usiombe. Shule zilipofunguliwa, wanangu wawili wakubwa wakawa wanatoka getini gizani, sweta mbili mbili, kwenda kuivuka ile lami.

Wiki ya tatu nikaenda kununua vitumbua kando ya barabara. Mama anayevikaanga, ambaye nilikuwa simjui hata kwa salamu, akaniangalia akauliza kama mimi ndiye mama wa kijana mwembamba mwenye begi la bluu. Nikasema ndiye. Akasema, "Dada yake huwa anatangulia na wenzake. Yeye anakaa hapa kwenye benchi langu mpaka nipate nafasi nimvushe. Siku nyingine wateja ni wengi, anachelewa."

Kitumbua kilinishinda kumeza. Mwanangu alikuwa na miaka minane. Siku nyingine alikuwa anachelewa shule, anasimamishwa nje na wachelewaji, anarudi nyumbani nikimuuliza shule ikoje anasema nzuri. Hakusema kwamba anaogopa kwa sababu dada yake, mwenye miaka kumi na moja, alishamcheka mara moja.

Baba yake nilimwambia siku aliporudi kutoka Tunduma. Nilidhani atasema mtoto wa kiume asidekezwe. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema lori lenye mzigo likishaanza kuteremka halisimami pale unapotaka wewe, linasimama pale linapotaka lenyewe, na mtoto akiwa karibu na bampa la mbele, kutoka kule juu kwenye usukani humwoni. Miaka yote kumbe analijua hilo, na nyumba tulichagua pamoja. Hatukulaumiana sana. Mwenye nyumba tulimwomba aturudishie walau kodi ya miezi mitatu, akatuambia pesa imeshakuwa bati. Basi kuanzia hapo mpaka Desemba nikawa navusha mwenyewe, kitinda mimba mgongoni kwa kitenge, asubuhi na mchana.

Na ule uzio? Usiku mmoja wa Septemba mdogo alishikwa na homa ya degedege. Mume yuko Zambia. Nikafungua geti nikasimama nje, kushoto geti, kulia geti, mbele geti, mbwa wanabweka, na mimi sijui nyuma ya geti lipi yuko nani. Miezi mitatu pale, nilikuwa najua rangi za mageti. Mlinzi wa nyumba ya tatu kutoka kwetu ndiye aliyenitafutia bajaji. Kwa hiyo msomaji mwenzangu mlinzi wake ana faida, nakubali, ila yule hakuwa mlinzi wangu.

Novemba mvua ikaanza, na mvua ya Mbeya ikianza inaendelea mpaka Mei. Njia ya kuingia kwetu ambayo Juni ilikuwa vumbi safi ikawa tope jekundu, bajaji zikagoma kuingia, bodaboda wakapandisha nauli. Hili naliandika kwa ufupi maana kila mtu wa huku analijua: nyumba usiikague kiangazi peke yake. Ukishindwa kuja masika, angalia kuta za nje karibu na ardhi. Tope likirukia ukutani huacha alama.

Mara ya pili sikumwita dalali mwanzoni. Nilianzia shuleni.

Nilichagua kwanza shule, ya serikali, tuliyoisikia ina walimu wanaofundisha na vyoo vinavyofungika mlango. (Vyoo niliingia mwenyewe. Mwalimu mkuu ofisini atakupa chai na maneno mazuri, choo hakina maneno.) Kisha mchana, muda wa kutoka, nikasimama nje ya geti na kuwafuata watoto. Nilifanya hivyo siku nne, siku moja kwa kila njia wanayoshika. Nilikuwa natembea nyuma yao taratibu kama mpelelezi. Kundi moja lilikwenda kukata lami kuu, nikaliacha. La pili lilipita korongo lenye daraja la mbao mbili, nikaliacha pia, nikiufikiria Machi wa Mbeya. La tatu lilipita kwenye baa mbili na kilabu cha komoni, pombe ya kienyeji, na saa tisa mchana walevi walikuwa tayari wanawatania mabinti. La nne liliingia vichochoro, likapita mbele ya kanisa, kinu cha kusaga na genge, likawa linapungua mtoto mmoja mmoja kila nyumba. Wakubwa walikuwa wamewashika wadogo mikono. Mwanamke mmoja akatoa kichwa dirishani akamgombeza mtoto ambaye si wake kwa kuburuza begi. Nikasema nyumba yangu iko humu, hata kama bado sijaiona.

Jina la mtaa silitaji, wenye nyumba wasije wakasoma wakapandisha kodi. Uko upande wa juu, chini ya mlima Loleza, inatosha.

Pale gengeni nilinunua nyanya za shilingi mia tano kwa siku tatu mfululizo. Muuza genge anajua kuliko ofisi yoyote. Anajua maji ya bomba yanatoka siku gani na saa ngapi, nani amehama kwa ugomvi, nyumba ipi ina wapangaji wanne wenye mita moja ya luku na makelele ya kila mwezi, wapi vijana wanakaa kuvuta bangi. Lakini usimuulize siku ya kwanza. Siku ya kwanza atakuambia mtaa ni mzuri, kwa sababu wewe ni mgeni na yeye ni muungwana. Siku ya tatu, akishakuongezea nyanya moja, ndipo utaambiwa.

Nilikwenda pia Ijumaa usiku. Bajaji ilinizungusha mara mbili, dereva akadhani namfumania mtu. Hakuna baa iliyo karibu. Kuna mkesha wa kanisa, spika mbili, mpaka saa kumi alfajiri. Kati ya baa na mkesha nimechagua mkesha, ingawa kuna Ijumaa naisikia ile gita ya besi mpaka kwenye meno.

Kwa mwenyekiti wa mtaa wengi tunakwenda tukishahamia, kujiandikisha au kuomba barua ya utambulisho. Mimi nilikwenda kabla ya kulipa. Nilimuuliza swali moja tu: nyumba hii wapangaji waliotangulia walikaa muda gani? Nyumba ya kwanza niliyokuwa nimeitamani, akasema, kwa mwaka wamepita watatu. Hakuongeza neno, nami sikuuliza zaidi. Ya pili, familia ilikaa miaka saba ikahama kwa sababu ilijenga kwake Isyesye. Hiyo ndiyo tuliyochukua.

Vigae haina. Sakafu ni saruji nyekundu, inang'arishwa kwa dawa. Vyumba viwili na sebule, jiko liko nje, na jikoni ni mkaa, gesi tunaiweka ya dharura. Nilikagua madirisha chumba kwa chumba, tena naomba mnisikilize hapa wenzangu mnaokuja kutoka pwani. Baridi ya Juni na Julai itawashawishi muingize jiko la mkaa chumbani usiku. Hewa yake ya sumu huioni, harufu yake huisikii, mnalala hamuamki. Mkiona nyumba ina vyumba vya madirisha yaliyopigwa misumari yasifunguke, iacheni. Nunueni mablanketi mazito, yapo tele Mwanjelwa, na ya mtumba ndiyo mazuri zaidi.

Kasoro zipo. Maji yanatoka usiku, kwa hiyo mimi ni mlinzi wa ndoo. Mume wangu sasa analaza lori yadi, anapanda bajaji na begi lake kuja juu, na akichoka ananikumbusha enzi za kuliona gari kutoka kitandani. Binti yangu alilia kuacha chumba chake mwenyewe. Amelala na wadogo zake tangu Januari ya mwaka jana na bado hajanisamehe sawasawa, ila ameshapata marafiki kiasi kwamba asubuhi anawasalimia watu "ugonile" kama Mnyakyusa wa Tukuyu, na bibi mmoja jirani humpa parachichi kwa hilo tu.

Ndiyo maana mkiniuliza mtaa unaofaa familia nautambuaje, jibu langu linaanza na miguu ya mtoto. Natoka shuleni narudi nyuma, na nyumba ni kitu cha mwisho kuangalia. Wenye magari yao na pesa ya basi la shule watasema hilo haliwahusu. Labda. Lakini basi hilo la shule hapa Mbeya humchukua mtoto saa kumi na moja na nusu, gizani, na humpeleka kukaa saa nzima akizungushwa kuchukua wenzake. Tena Jumamosi halipo, na mtoto ana Jumamosi pia.

Yule kijana wangu sasa ana miaka kumi. Shuleni anakwenda na kundi la watoto tisa, na kati yao yeye ndiye anayemshika mkono mdogo kuliko wote, mtoto wa fundi cherehani. Chumvi anatumwa, kinuni anatumwa. Jumamosi tukishuka Mwanjelwa sokoni, tukifika kwenye lami kuu, hasemi kitu, ananyoosha mkono na kunishika. Dada yake amejifunza kutocheka. Nami humshika, tunangoja, tunavuka wote.

Mama wa watatu,
Mbeya