Mkihamia ugenini, anzeni na zamu kabla ya chama

Sisi Wakongo tuliopitia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, tulifika hapa Michigan, Marekani, tukiwa tumezoea kuonana bila kupanga. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996 kwa waliokimbia vita vya Kivu Kusini, na wengi tulijuana kwenye foleni ya mgao na penye bomba la maji. Huku maji yako ndani ya nyumba. Mmoja anaingia kiwandani usiku, mwenzake asubuhi, mwezi unakwisha hamjaonana.

Wengi wakifika hukimbilia kuunda chama chenye mwenyekiti, katiba na sare. Nawasihi, vyeo visubiri. Shirika la kupokea wakimbizi huisimamia familia miezi mitatu hivi ya mwanzo, kisha inabaki na kodi ya nyumba na deni la tiketi ya ndege. Hapo ndipo pa kuingilia. Pangeni zamu: nani mwenye gari atampeleka mama mjamzito kliniki, nani atakaa na watoto. Hospitalini ombeni mkalimani. Ni haki yenu, na ni bure. Msimbebeshe mtoto habari za ugonjwa wa mama yake.

Kubwa zaidi ni msiba. Mazishi huku ni maelfu ya dola, kwa hiyo daftari la michango lianze kabla hajafa mtu. Lisomwe mbele ya wote kila mwezi: nani katoa, nani hakujaliwa, kimebaki kiasi gani. Nimeona fedha isiyosomewa watu ikitawanya majirani haraka kuliko ukabila.

Kwetu hapa matanga hayana kabila. Mbembe, Mfuliiru, Munyamulenge na Mrundi husimama jiko moja, wakiyeyusha sombe (kisamvu) ya pakiti na kusonga ugali, hali jamaa zao kule milima ya Kivu Kusini bado wanauana. Hakuna aliyewaitia kikao cha upatanisho. Kulikuwa na wafiwa wa kulishwa.

Na msiishie kwa wanaosema Kiswahili. Tafuteni tuta kwenye bustani za mtaa. Kwetu mama mmoja Mnepali, mkimbizi kutoka Bhutan, aliona lengalenga letu, yaani mchicha, akachuma jani, akalinusa na kutabasamu: kumbe na kwao hulimwa. Sasa yeye na mama zetu hupeana mbegu, na alipougua, zamu ya kumpikia ilipangwa kwenye daftari letu. Matuta hayo huwahiwa, basi ulizeni theluji ikiwa bado haijayeyuka.