Mchezo wa mahindi na maharage

Dada, umeuliza kama michezo inawasaidia kweli wanafunzi wa uuguzi kuelewa fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, au ni kupoteza kipindi tu. Kwangu inasaidia, ila si kila mchezo. Chemsha bongo za kwenye simu zinachangamsha darasa, basi. Anayeshinda ni mwenye kidole chepesi.

Uliowakaa kichwani ni huu. Chora duara kubwa sakafuni kwa chaki, hiyo ndiyo seli. Mahindi ni sodiamu, maharage ni potasiamu. Mwanafunzi mmoja awe pampu: kila zamu anatoa nje punje 3 za mahindi, anaingiza maharage 2, na analipa kizibo kimoja cha soda, ndiyo ATP hiyo, nishati ya seli. Wengine kazi yao ni kuvujisha mahindi ndani kidogo kidogo, na maji yanafuata chumvi. Vizibo vikiisha, pampu inasimama, mahindi yanajaa. Utasikia tu kutoka nyuma: "Mwalimu, si itavimba hii?" Hapo ndipo ulete habari za seli iliyokosa oksijeni ikaishiwa ATP. Usiwadokezee kabla!

Ukimaliza fagia vizuri, maana panya wa madarasa yetu hawana adabu.