Jibu: Tuanze na barabara au na watu?
Assalamu alaykum ndugu yangu. Umeuliza kama nchi changa kama yetu itangulize bandari na barabara, au elimu na afya ya watu wake. Mimi naona watangulie watu, na mfano uko pwani kwetu. Kilimo cha biashara cha mwani, yaani mmea wa baharini, kilianza Unguja mwaka 1989, kikafika Pemba, na wakulima wengi ni wanawake. Shangazi yangu hapa Micheweni, Pemba, alikuwa akianika mwani wake chini, ukichanganyika na mchanga na kunyeshewa na mvua, mnunuzi akaushusha bei. Alipofundishwa kuuanika juu ya chanja, kisha kuusaga na kutengenezea sabuni, zao lile lile lilimpa kipato kikubwa zaidi, ilhali barabara ya kijijini haikubadilika hata kidogo.

Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na lilikuwa jambo kubwa mno. Lakini mtoto anayekwenda skuli na njaa, akakaa katika darasa lililojaa hadi mlangoni, hasomi ipasavyo. Kwa hiyo ningeanza na lishe ya wajawazito na watoto wadogo, kisha walimu wa skuli za msingi, ndipo vyuo.