Milu: eti kuna kulungu wa China asiyekuwepo porini?

SWALI: Nimesikia kuna kulungu wa China anaitwa milu, eti porini alishaisha kabisa ila bado wapo hai. Sasa inakuwaje hiyo?

JIBU: Ni kweli kabisa, na stori yake inauma. Wachina walimwita "wanne wasiofanana" maana ana kwato kama za ng'ombe, uso kama wa farasi, pembe za kulungu na mkia kama wa punda. Ni mnyama wa kinamasi, anapenda maji balaa. Kufikia karne ya 19 waliobaki walikuwa ndani ya bustani ya kuwindia ya mfalme, Nanhaizi, kusini mwa Beijing, na huko ndiko padri Mfaransa Armand David alipowaona mwaka 1865, ndo maana wazungu wakampa kulungu huyo jina la David. Halafu mwaka 1895 mafuriko yakabomoa ukuta, kulungu wakatoka na watu wenye njaa wakawala, na waliosalia wakamalizwa kwenye vurugu za Uasi wa Boxer, vita vya huko China vya mwaka 1900.

Kilichowaokoa ni wachache waliokuwa wameshapelekwa Ulaya. Duke wa Bedford aliwakusanya 18 tu kwenye shamba lake la Woburn Abbey, Uingereza, na hao milu wote unaowasikia leo ni uzao wao! Walirudishwa Nanhaizi 1985, mwaka uliofuata wengine 39 wakapelekwa Dafeng, mkoa wa Jiangsu. Sasa hivi wapo maelfu, ila wengi bado wanaishi kwenye hifadhi chini ya uangalizi.