Usikague mwandiko, kagua faili

Wengi wanaoanza kazi kwenye mikataba, ununuzi au masjala hufika wakiamini kwamba saini ya kielektroniki ni ile picha ya mwandiko wa bosi iliyobandikwa chini ya barua. Picha hiyo mtu anaweza kuikata kwenye barua ya mwaka juzi akaibandika kwenye mkataba wa leo, na chai yake isipoe. Sisemi haina thamani kabisa. Nchi nyingi hukubali hata jina lililochapwa mwishoni mwa barua pepe kuwa ni saini, mradi ithibitike kuwa mwenye jina ndiye aliyeliandika. Kazi iko kwenye huko kuthibitisha. Mzozo ukizuka, picha haiwezi kukuambia ni nani aliyeibandika, wala kama kifungu cha malipo kilibadilishwa baadaye.

Saini ya kidijitali ni habari nyingine. Programu hupiga hesabu juu ya yaliyomo ndani ya faili na kutoa alama fupi inayolitambulisha, siku hizi mara nyingi kwa kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256. Geuza nukta moja kuwa mkato, alama inayotoka ni nyingine kabisa. Alama hiyo hutiwa saini kwa ufunguo wa siri wa msaini, yaani namba ndefu anayoitunza mwenyewe, na mpokeaji huipima kwa ufunguo mwenza wa umma, usio siri, uliomo kwenye cheti, yaani hati ya kidijitali yenye jina la msaini, kinachosafiri pamoja na faili. Hesabu zikilingana umejua mambo mawili: kilichosainiwa hakijaguswa, na aliyesaini alikuwa na ufunguo ule. Ufunguo wenyewe ni wa nani, hesabu haisemi. Hapo ndipo wageni wengi wanapojikwaa.

Jaribu hivi, maana maelezo peke yake hayatoshi. Fungua Acrobat Reader, programu ya Adobe ya kusomea PDF, kwenye kompyuta, nenda sehemu ya vyeti, tengeneza kitambulisho kipya cha kidijitali, na mahali pa jina andika “Mkurugenzi Mkuu”. Hakuna atakayekuomba kitambulisho cha taifa. Saini faili la majaribio. Kwako litatoka na tiki ya kijani, kwa kuwa mashine yako tayari inakiamini cheti ilichokitengeneza yenyewe. Sasa mtumie mwenzako wa meza ya pili. Kwake itatokea alama ya tahadhari, na maelezo kwamba uhalali wa saini haujulikani. Faili ni lilelile na hesabu ni ileile, ila mashine yake haina sababu ya kukuamini wewe. Mkimaliza, futeni hicho kitambulisho.

Sababu ya kuamini hutoka kwa mamlaka ya vyeti, yaani taasisi inayomhakiki mtu kwanza ndipo impe cheti. Adobe ina orodha yake ya mamlaka inazoziamini, na Umoja wa Ulaya una yake, chini ya eIDAS, kanuni yake ya utambulisho na saini za kielektroniki, iliyoanza kutumika Julai 2016. Kenya, watoa vyeti hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, na mabadiliko ya sheria za biashara ya mwaka 2020 yaliingiza saini hizi hadi kwenye sheria ya mikataba. Tanzania tunayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, Uganda wana sheria ya saini za kielektroniki ya 2011. Someni sheria za kwenu, hasa mahali zinapotaja nyaraka zisizohusika. Wosia, kwa mfano, mara nyingi huachwa nje.

Ukikutana na alama ya tahadhari, programu itakupa njia ya mkato ya kukiongeza cheti hicho kwenye orodha ya unavyoviamini. Usibofye ili kupata kijani tu. Mpigie msaini kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua pepe iliyoleta faili, mwombe akusomee alama ya utambulisho ya cheti chake, ule mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi ulio kwenye maelezo ya cheti, ulinganishe tarakimu kwa tarakimu. Inachosha, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Hata kijani kikitokea, fungua paneli ya saini usome. Jina ni la nani, taasisi gani, cheti kimetolewa na nani. Kisha angalia kama kuna mabadiliko yaliyofanywa baada ya kusaini. PDF inaruhusu nyongeza kuwekwa juu ya toleo lililosainiwa, na nyingine ni halali kabisa, kama saini ya mtu wa pili. Bofya saini kwa kitufe cha kulia, uchague kuona toleo lililosainiwa, na utapata hasa kile mtu alichokiona alipotia saini. Mimi hili siliruki hata siku moja, hasa kwenye mkataba uliopita mikononi mwa watu wengi. Halafu kuna jambo ambalo hakuna programu itakayokujibu: aliyesaini ana mamlaka ya kusaini? Cheti cha afisa kinaweza kuwa safi kabisa, na bado mkataba wa kiwango kile ukawa si wa ngazi yake.

Muda nao una mtego. Saa inayoonekana kwenye saini mara nyingi ni ya kompyuta ya msaini, na saa ya kompyuta hurudishwa nyuma bila shida. Kwa nyaraka nzito, dai muhuri wa muda, yaani uthibitisho wa kidijitali wa tarehe na saa ya saini, kutoka mamlaka huru. Faida yake nyingine utaiona baadaye: cheti kikiisha muda au kikifutwa, unakuwa na ushahidi kwamba saini ilitiwa wakati cheti kilikuwa bado hai. Na vyeti hufutwa. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia DigiNotar, mamlaka ya vyeti ya Uholanzi, wakatoa vyeti bandia, na kampuni ikafilisika mwaka huohuo. Programu yako lazima iweze kuuliza mtandaoni kama cheti hakijafutwa, kwa hiyo usihakiki ukiwa huna intaneti.

Pia sasisha programu yenyewe. Februari 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba programu 21 kati ya 22 za kompyuta walizozipima zingeweza kudanganywa zikubali PDF iliyochezewa kuwa saini yake ni halali. Nyingi zilirekebishwa, lakini si kwa yule anayetumia toleo la zamani. Na usitegemee kusomea kwenye kivinjari au programu ya simu. Nyingi huonyesha mchoro wa saini bila kupima chochote.

Kinachonichosha kuliko vyote ni mhuri wa masjala. Faili linakuja limesainiwa vizuri, mtu wa masjala analichapisha, analigonga mhuri wa “IMEPOKELEWA”, analiskani na kulirudisha kwenye mfumo, halafu anafuta la mwanzo ili kuokoa nafasi. Ametunza picha ya karatasi. Saini imekufa, na hakuna fundi wa kuifufua. Kulipunguza faili ukubwa, kuliunganisha na mengine, kuzungusha kurasa zake, yote hayo ni hatari ileile. Malizeni marekebisho yote kwanza, geuzeni kuwa PDF, ndipo msaini, na kila anayefuata asaini faili lilelile, si nakala yake. Ukilituma kwa WhatsApp, tuma kama waraka, kamwe usitume kwa kupiga picha ya skrini. Mhuri wa mapokezi ugongwe kwenye karatasi ya kusindikizia.

La mwisho linahusu kifaa cha USB kinachotunza ufunguo wa siri wa bosi. Nimekiona kwenye droo ya katibu muhtasi, PIN imeandikwa kwenye karatasi ya njano iliyobandikwa juu yake. Siku bosi akisema “hii sikusaini mimi”, utamjibu nini? Kama bosi anasafiri sana, aandike barua ya kukaimisha, na kaimu apewe cheti chake asaini kwa jina lake. Na bosi akikupa wewe, mgeni, kifaa na PIN umsainie “mara moja tu”, kirudishe kwa adabu, na ombi lako la cheti cha kaimu liweke kwa maandishi.