Jibu: Mkufu wa lulu wa bibi kutoka Bahrain, nitajuaje kama ni za asili?

Dada, jaribio la meno ulilofanya, la kusugua lulu kwenye meno, limekusaidia nusu tu. Ule mkwaruzo wa mchanga laini unaonyesha si kioo wala plastiki, lakini lulu ya kufugwa (ile ambayo chaza huitengeneza kwa kuanzishiwa na binadamu) nayo hukwaruza vilevile, maana juu ina tabaka lilelile la chaza.

Sasa chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10, umulike tundu la uzi. Bandia huonyesha rangi iliyobanduka ukingoni. Ya kufugwa yenye kiini cha gamba (kigololi cha gamba kilichopandikizwa ndani) mara nyingi huonyesha mstari pale tabaka linapokutana na kiini. Tabaka likiwa jembamba mno, mng'ao hauchukui muda kuisha. Ya asili haina mstari huo, na tundu lake kwa kawaida ni dogo sana, kwa sababu za asili ziliuzwa kwa uzito, na tundu kubwa lingeupunguza.

Ila lulu nyingi za kufugwa za maji baridi (yasiyo ya chumvi) kutoka China hazina kiini, kwa hiyo nazo hazina mstari. Hapo kitakachozitofautisha na za asili ni eksirei ya maabara tu. Bahrain kwenyewe ipo DANAT, taasisi yenye maabara ya kupima lulu na vito. Usikubali bei ya sonara yeyote kabla ya cheti, na tafadhali usizijaribu kwa siki wala moto: hata ya asili huharibika.