Nikijiuliza kama ninachoamini ni kweli, nimekufuru?

SWALI: Asalaam aleikum ustadh. Rafiki yangu mmoja ananiambia dini ni kuamini tu, hamna cha ukweli hapo, kila mtu ana ukweli wake, na mimi ningezaliwa kwingine ningeamini kingine. Nilikosa la kumjibu. Tangu hapo najiuliza, naamini kwa sababu ni kweli au kwa sababu nimelelewa hivi? Naogopa nisije nikawa nishatoka kwenye dini.

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah. Dada angu hujatoka popote, hiyo hofu iondoe kwanza. Masahaba wenyewe walimwendea Mtume (SAW) wakamwambia tunakuta ndani ya nafsi zetu mambo mazito hata kuyatamka hatuwezi, akawauliza, kweli mmeyakuta? Wakasema ndio. Akasema hiyo ndiyo imani ya wazi. Hadithi iko kwenye kitabu cha Sahih Muslim. Asiye na imani angeogopa kupoteza nini?

Sasa hilo la kila mtu na ukweli wake. Kila mtu ana imani yake, hapo sibishi, lakini ukweli hauna mwenyewe. Ufufuo ama upo ama haupo, haiwezekani ukawepo kwako alafu kwa rafiki yako usiwepo. Wewe kuamini sana hakuuongezi, na watu wote wakikataa haupungui. Qur'an inasema dhana haifai kitu mbele ya haki, yaani ukweli (Yunus 36), na wale waliosema sisi tunafuata tuliyowakuta nayo baba zetu waliulizwa, hata kama baba zao walikuwa hawaelewi kitu? (Baqara 170). Aya hii tunapenda kuwasomea wengine, na sisi inatuhusu vilevile.

Kuhusu kuzaliwa, rafiki yako kagusa jambo la kweli ila si jipya. Imam Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyefariki 1111, aliandika kwamba tangu ujanani aliona watoto wa Wakristo wanakua Wakristo, wa Mayahudi wanakua Mayahudi, wa Waislamu wanakua Waislamu, akakataa kutulia mpaka ajue ukweli wenyewe. Ila namna ulivyoipata imani haisemi kama ni kweli au uongo. Hata hesabu umefundishwa utotoni, na mbili na mbili haikuacha kuwa nne.

Atakwambia mambo ya ghaibu, yale yasiyoonekana, huwezi kuyapima. Ni sawa, malaika hapimwi kwa chombo chochote, sisi tunayapokea kwa sababu tunamwamini Mtume aliyetuletea habari, kwaiyo swali lote linarudi kwake, je alikuwa mkweli? Hapa mimi huwa nasimama sana kwenye siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 Hijria. Jua likapatwa siku hiyohiyo, watu wakaanza kusema limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Hebu fikiria, baba ana msiba wa mtoto mdogo, na watu wamejiaminisha wenyewe kitu kinachompandisha cheo, angenyamaza tu ingetosha, wala asingehitaji kusema uongo. Akasimama akawaambia jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Allah, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Akaikataa imani iliyokuwa inamfaa kwa sababu haikuwa kweli!! Mtu anayetafuta wafuasi tu hawezi kufanya hivyo, na kwangu mimi hii inanipa yakini kuliko mijadala mingi niliyosikiliza. Na wapo ndugu zetu siku hizi wanasambaza miujiza ya kutunga wakidhani wanaisaidia dini, hawa wanamkhalifu Mtume wao waziwazi.

Kwaiyo endelea kuuliza dada angu, ila uliza kwa kusoma, anza na sira ya Mtume yote, yaani historia ya maisha yake, na swala usiiache. Na huyo rafiki msigombane, mweleze kisa hicho cha jua alafu umwache akifikirie mwenyewe. Wallahu aalam.